Faragha ya Miezi Mitatu

Tarehe 16 Juni 2020, Rais Magufuli alipokuwa akilifunga Bunge mjini Dodoma, alitangaza kwamba shule zote zilizosalia zingefunguliwa tarehe 29 ya mwezi huo. Nilikuwa nasikiliza redio barazani kwangu hapa Buhemba. Nyumba ya pili walipiga vigelegele. Kijana mmoja wa bodaboda alipita akipiga honi kama aliyembeba bibi harusi. Mimi nilizima redio nikakaa kimya, na nakiri mbele yako, msomaji, kwamba nilijiona kama mtu aliyepokonywa kitu mkononi. Watu walikuwa wakishangilia kwamba ugonjwa unakwisha, nami nilikuwa nahuzunika kwamba wajukuu zangu wanarudi.

Nawapenda wajukuu zangu. Naliweka hili mapema ili nisieleweke vibaya. Wakati ule walikuwa watatu, wakisoma hapa, wazazi wao wakifanya kazi Mwanza. Katika vyumba viwili vya uani walikaa walimu vijana wapangaji. Mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu mstaafu, mjane, umri wangu miaka 66, na nilikuwa na ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu, wale ndugu wawili wasioachana. Nyumba yangu ilikuwa ikiamka saa kumi na moja alfajiri kwa kelele za ndoo na kulala saa nne usiku kwa kelele za redio ya mpangaji.

Kisha ikaja ile wiki ya Machi. Tarehe 16 ilitangazwa habari ya mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyeingia Arusha akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule kwa siku 30. Siku 30 ziliongezwa baadaye bila kutajwa mwisho. Mwanangu alikuja na gari la kuazima akawachukua watoto. Wapangaji wakafunga vyumba, mmoja akaenda kwao Kagera, mwingine Singida. Jumamosi ile jioni nilifunga lango, nikageuka, nikaona ua mtupu na kuku wanne.

Usiku wa kwanza niliogopa. Sikuwa nimepata kulala peke yangu katika nyumba tangu nizaliwe. Utotoni tulilala watoto watano kwenye ngozi moja. Shuleni tulilala bweni. Nikaolewa, nikazaa, nikafundisha madarasa ya watoto themanini, tisini, na mume wangu alipofariki mwaka 2011 nyumba ilijaa ndugu kwa mwaka mzima, kisha wajukuu wakaletwa ili, kama walivyosema, nisikae peke yangu. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Wala mimi sikujiuliza.

Wiki ya tatu nilikuwa mtu mwingine. Nilikunywa chai saa nilipoitaka. Nilikula kiazi nikiwa nimesimama jikoni, moja kwa moja kutoka sufuriani, jambo ambalo ningemchapa mtoto kwa kulifanya. Nilifagia ua mchana, si alfajiri, kwa sababu hakuna wa kuona. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Ziwa Victoria lilipanda hata Mei likavuka kipimo chochote kilichowahi kuandikwa, na kule Musoma maji yakawafuata watu wa ufukweni milangoni. Kwetu huku juu mvua ilikuwa sauti tu ya bati. Nilikaa nikiisikiliza mwanzo hadi mwisho. Ilipokatika nilisikia makarasha ya wachimbaji yakisaga mawe kwa mbali, usiku na mchana, kama mtu anayesaga meno usingizini.

Na nilisoma. Nina sanduku la vitabu la marehemu mume wangu, ambalo kwa miaka tisa lilikuwa meza ya kuwekea pasi. Humo nilimkuta Mabepari wa Venisi, tafsiri ya jirani yetu mkubwa, Mwalimu Nyerere wa Butiama, iliyotoka mwaka 1969. Mwanangu aliponipigia simu nikamwambia ninachosoma, akanieleza kwamba huyo Shakespeare naye aliwahi kukumbwa na tauni London. Majumba ya michezo yalifungwa mwaka 1592, yakabaki yamefungwa sehemu kubwa ya muda hadi 1594, naye akatumia wakati huo kutunga mashairi. Akacheka, akaniuliza, “Na wewe mama, unatunga nini?” Nikamwambia natunga orodha ya kwenda sokoni. Na ilikuwa kweli.

Venisi ilinikumbusha jambo jingine. Neno karantini lenyewe limetoka kwa watu wa mji ule, ambao waliziweka meli zenye kushukiwa maradhi zikae siku arobaini kabla watu hawajashuka. Arobaini! Nilipolifahamu hilo niliweka kitabu chini. Kwetu nani asiyeijua arobaini? Mzazi hukaa ndani arobaini. Msiba humalizwa kwa arobaini. Hata mwizi tumemwekea zake. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na vijana wa jando waliwekwa kando hadi wapone. Basi kumtenga mtu tunakujua toka zamani. Lakini kila mmoja wa hao ametengwa kwa sababu yenye jina, na ana mtu wa kumpelekea uji. Ambaye hatuna mahali pa kumweka ni yule anayekaa peke yake kwa sababu anapenda.

Tazama hata maneno yetu. Upweke ni neno la huzuni. Ukiwa ni zaidi, ni nyumba iliyohamwa. Faragha tumewaachia wenye siri na wanandoa. Nilitafuta neno la kile nilichokuwa nacho, mwanamke mzee aliyeshiba akisikiliza mvua, nikachukua hilo la faragha kwa kuwa halikuwa na machozi ndani yake. Kijijini mtu wa namna hiyo huitwa ana majivuno. Akiwa mwanamke, na mjane, na mzee, na mkoa wenyewe uko kanda hii ya Ziwa, waweza kuitwa jina jingine baya kuliko hilo. Nililijua hilo vizuri, na bado sikufungua lango.

Ni vizuri nieleze hapa, kwa ajili ya wale watakaosoma baadaye, kwamba sisi Tanzania hatukufungiwa majumbani. Rwanda walifungiwa tangu Machi, Uganda wakafuata mwishoni mwa mwezi huohuo. Kenya waliwekewa amri ya kutotembea usiku, na katikati ya Mei wakafunga mpaka wao nasi, wakiruhusu malori ya mizigo tu. Kwetu zilifungwa shule na vyuo, ligi ya mpira ikasimama, lakini masoko, makanisa na misikiti viliendelea, na tuliambiwa tuchape kazi tusitishike. Takwimu za mwisho zilitaja wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo hatukuhesabiwa tena mwaka ule. Kwa hiyo aliyejifungia alijifungia mwenyewe. Mimi nilijifungia mwenyewe, na hiki ndicho kinachonifanya niandike.

Sasa soko.

Mtu anayeishi na kuku wanne na nusu ekari ya mahindi mabichi hawezi kukwepa soko. Nilienda mara moja kwa wiki, na usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Mimi niliyekuwa nikienda sokoni miaka arobaini kama anayekwenda kuchota maji, niliianza safari hiyo tangu jana yake. Niliandika orodha, nikaipanga kwa kufuata njia, ili nisirudi nyuma: sabuni na mafuta ya kula dukani, kisha dagaa, kisha nyanya na vitunguu, kisha nje. Nilihesabu fedha kamili za kila kitu, nikazifunga mafungu mafungu ndani ya karatasi, ili nisipokee chenji. Nikavaa barakoa ya kitenge niliyoshonewa na fundi, nikachukua kikapu, maana mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku toka Juni 2019, nikatia ndani chupa ya maji ya sabuni. Moyo ulikuwa ukinidunda kama wa mwanafunzi anayeingia mtihani.

Ungedhani Buhemba ingekuwa kimya. La hasha. Dunia ilipoogopa ilikimbilia dhahabu. Bei ilipanda mwaka ule hadi Agosti ikavunja rekodi, na wachimbaji wadogo wakamiminika kwenye maduara yetu kutoka kila upande. Soko lilikuwa limejaa vijana wenye vumbi la mawe kwenye nyusi, wakikohoa. Wachimbaji hukohoa miaka yote, kwa vumbi lile. Lakini mwaka ule kila kikohozi nilikisikia kwenye ngozi.

Mlangoni pa kila duka palikuwa na ndoo ya koki, na kipande cha sabuni ndani ya wavu wa vitunguu, kikining'inia kwa kamba. Machi ndoo zilijaa. Aprili zilijaa nusu. Mei, koki ilifunguliwa ikatoa hewa, na mwenye duka akasema, “Pita tu, Mwalimu, wewe si wa kuogopa.” Malimau na tangawizi, ambavyo zamani uliongezwa bure, vilipanda bei kila wiki kwa ajili ya watu kujifukiza. Sukari nayo iliadimika, serikali ikapanga bei ya juu kabisa kwa kila mkoa, na iliposikika imeshushwa dukani watu walisukumana kwenye mlango mmoja. Mimi mgonjwa wa sukari nilisimama pembeni nikiwatazama, nikawa wa kwanza kunufaika na maradhi yangu.

Lakini kilichonichosha si foleni wala bei. Kilikuwa mkono. Mwanamke mmoja anayeniuzia nyanya, niliyemfundisha darasa la tatu, akisema “Shikamoo Mwalimu” huinama na kunipa mkono, na mkono wake mwingine ameushika kiwiko. Ndivyo alivyofanya tangu ana miaka tisa. Jumamosi ya kwanza aliunyoosha, nami nikarudisha wangu nyuma. Hatukusema kitu. Alipima fungu la nyanya, hakuniongeza hata moja. Wiki iliyofuata hakuinama. Wengine walitania: “Mwalimu, umevaa hiyo kwa sababu unaumwa, au sisi ndio tunaumwa?” Sikuwa na jibu, maana majibu yote mawili ni matusi. Mtu mwenye barakoa alionekana ndiye anayeleta ugonjwa, kama ambavyo anayefungua mwavuli angelaumiwa kwa mvua.

Nikirudi nyumbani niliosha nyanya kwa sabuni moja moja. Safari moja nililazimika kupokea chenji. Nilifua noti, nikazianika kwenye kamba kwa vibanio. Mtoto wa jirani alichungulia kwenye minyaa, na kabla ya jioni mtaa mzima ulijua kwamba bibi anaanika fedha. Mpaka leo kuna watu wanaoamini kwamba nilikuwa na nyingi kiasi cha kuota ukungu.

Ndugu msomaji, hadi hapa nimesimulia mambo ninayoweza kuyacheka. Lililobaki ni la wifi yangu.

Alikuwa dada mkubwa wa marehemu mume wangu, amenizidi miaka kama minne hivi, akikaa mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Kwa miaka arobaini hakupita jioni asifike kwangu. Hakubisha hodi, alikohoa kidogo langoni akaingia, akaketi kwenye kigoda kilekile, akazungumza hadi giza. Machi nilimwambia kwamba kwa sababu ya maradhi yangu tuzungumzie kwenye uzio, yeye nje, mimi ndani. Alikubali. Siku ya pili nilimpelekea chai, nikaiweka juu ya jiwe lililo kando ya lango, nikarudi nyuma hatua kadhaa ili aichukue. Alikitazama kile kikombe kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila hasira:

“Wifi, kikombe cha jiweni tulikuwa tunampa mwenye ukoma.”

Akakimimina chini, akakirudisha juu ya jiwe kimeinama. Kesho yake alikuja tena kama kawaida, akasimama nje ya minyaa, akazungumza. Hakuwahi kuketi. Nilimwambia aje na kigoda, akasema nyumba ya kaka yake haijawahi kumkalisha njiani, na hataanza leo.

Nataka niwe mkweli. Alipoondoka jioni zile, nikilala, nilijisikia vibaya kwa muda wa kuchemsha maji. Kisha nikafungua kitabu changu, na utamu ukarudi. Nilikuwa nimegundua kwamba katika yale mazungumzo ya miaka arobaini, niliyoyapenda yalikuwa yale ya nusu saa ya kwanza. Sasa uzio uliyakata kwenye nusu saa ileile, kwa kuwa miguu yake ilichoka kusimama. Ugonjwa ulinipa adabu ya kumfukuza mtu ambayo nisingeipata kwa njia nyingine.

Katikati ya Mei nilimsimulia kuhusu soko, jinsi ninavyotetemeka, jinsi nilivyoacha kulala usiku wa Ijumaa. Alisikiliza, akapitisha mkono juu ya lango.

“Lete kikapu. Nitakwenda mimi.”

Nilikataa mara moja, kama inavyotakiwa na heshima. Hakurudia mara ya pili, nami nikampa kikapu.

Alikwenda kila Jumamosi hadi mwisho wa Juni, mwanamke wa miaka 70, bila barakoa, kwa sababu alisema ilimziba masikio. Hakujua kusoma, hivyo orodha nilimtajia, naye akaikunja kwenye vidole: dole gumba sabuni, cha shahada dagaa. Hakusahau kitu hata siku moja. Aliwapa wote mkono. Muuza nyanya alimwongezea nyanya mbili, na alipofika langoni alinionyesha hizo mbili kando ili nijue zimetoka wapi. Na kila Jumamosi kulikuwa na ndizi mbivu ambazo sikuagiza. Nilimwambia, wifi, mimi nina sukari, ndizi mbivu si zangu. Akajibu kwamba kikapu hakitoki sokoni na vitu vilivyotajwa tu, hiyo itakuwa dawa, si chakula. Juma lililofuata akaleta tena.

Hakuugua. Nalisema hilo kwa sababu najua msomaji anapotazamia nifike. Mwaka ule haukumfanya chochote. Watoto walirudi mwishoni mwa Juni, wapangaji wakafungua vyumba vyao, lango likabaki wazi mchana kutwa, na wifi akakohoa kidogo akaingia, akaketi kwenye kigoda chake. Hatukuzungumzia jiwe.

Alifariki Februari 2021. Ule ndio mwezi ambao misiba ilifuatana nchini, na tulikuwa tumejifunza kusema “changamoto ya upumuaji”. Aliugua siku sita. Hakupimwa, wala sijui alipata wapi. Kufikia wakati huo hata mimi nilikuwa nimeacha barakoa kwa kuona aibu ya kuwa peke yangu sokoni, na nyumba yangu ilikuwa imejaa watu kuliko kwake. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi na kila mara najikuta sina deni. Kifo chake hakikutoka kwenye kikapu changu. Lakini nikiwa peke yangu, hesabu inayonijia ni nyingine: kwamba mwezi ule wa Mei sikumtuma kwa sababu ya sukari yangu wala shinikizo la damu. Yeye alikuwa mkubwa kuliko mimi. Nilimtuma kwa sababu nilikuwa nimefika sura ya mwisho ya kitabu, na sikutaka kuonana na watu.

Chanjo ilipoletwa mwaka 2021, nilikwenda mapema, nikasimama kwenye foleni nikiwa nimevaa barakoa ileile ya kitenge. Nilikuwa nimeifua mara nyingi mpaka maua yake hayaonekani.

Wajukuu wawili wakubwa sasa wako sekondari za bweni. Amebaki mdogo, mtoto asiye na maneno mengi, na jioni nyingine tunakaa barazani tukisikiliza makarasha bila kusema kitu. Sijamfundisha, nadhani alizaliwa hivyo. Walimu wapangaji wamehama, wamekuja wengine. Kigoda kipo. Kila siku saa moja kasoro mimi husikiliza langoni, kisha huingia ndani na kitabu, na kuwa na furaha, kama ilivyokuwa.

Sokoni naenda mwenyewe kila Jumamosi. Moyo bado hunidunda njiani. Hilo halikuondoka na ugonjwa. Muuza nyanya amerudi kuinama, nami naupokea mkono wake kwa mikono yangu miwili, naye huniongeza moja, si mbili. Nikimaliza nakwenda kwa wauza ndizi. Nachagua zilizoiva, zenye madoa, nazitia juu ya vitu vingine zisipondeke. Nikifika nyumbani nampa mtoto.